Gari la Mihran Kalustian

Mihran Kalustian alipenda kusifiwa, na heri niliseme hilo mapema kabla hujaanza kumhurumia. Hakuwa mtu mbaya. Alilima mizabibu yake, aliwalipa vibarua siku waliyoahidiwa, na kanisani aliimba sauti nzito bila kubembelezwa na mtu. Lakini ukitaka kumwona anayeyuka mbele ya macho yako, ulisifie gari lake. Lilikuwa Packard la mwaka thelathini na saba, la paa la kukunja, buluu iliyokoza, na huku kwetu kusini ya Fresno hapakuwa na mtoto asiyelijua. Mwaka mzima lilikuwa ghalani limefunikwa shuka. Jumapili ya Kubariki Zabibu, katikati ya mwezi wa nane, lilitolewa.

Sisi Waarmenia wa huku hatutii zabibu mpya mdomoni kabla padri hajazibariki. Unaweza kuwa na shamba zima la mizabibu iliyoinama kwa uzito, ukapita katikati yake asubuhi na jioni, kazi yako ikawa kumeza mate tu. Makapu ya kwanza ya kupelekwa kanisani yalikwenda na gari la Kalustian, yamepangwa kiti cha nyuma kama abiria. Aliyeendesha zamani alikuwa Garabed, babake Mihran. Garabed alipofariki, usukani ukawa wa mwanawe.

Uzee ulipoanza kumgonga magoti, Mihran alilikodisha shamba kwa mpwa wake, mikono ikabaki haina kazi. Hapo ndipo alipoamua kulirudisha gari katika hali yake ya ujana. Alilifungua mpaka likabaki mifupa. Alisugua kutu, alinyoosha bodi, alitafuta taa za asili mpaka majimbo ya mbali, akashona viti upya kwa ngozi ya rangi ile ile. Mkewe Zabel alikuwa akimletea kahawa ghalani na maneno juu yake.

“Angenisugua mgongo nusu ya anavyolisugua lile bampa,” aliwaambia wanawake wa kanisa, “ningekuwa msichana mpaka leo.”

Watu walicheka, na Mihran alicheka nao. Ila kuna jambo moja kuhusu gari lile halikumchekesha, wala hakuwahi kulisema kwa sauti, na bila jambo hilo nisingekuwa na haja ya kukusimulia habari zake.

Gari halikuwa lao.

Lilikuwa la Kanjiro Okumoto, jirani yao wa upande wa pili wa mfereji. Kanjiro alilinunua jipya baada ya mavuno mazuri, na mkewe akalitobolea matundu mawili kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha abiria, akapachika kichupa kidogo cha maua. Walilifurahia miaka michache tu. Vita vilipoingia, serikali ilibandika matangazo kwenye nguzo za simu: kila mwenye asili ya Kijapani afunge kinachobebeka mikononi, asubiri basi la kumpeleka kambini. Kanjiro alikuja kwa kina Kalustian na gari, akamkabidhi Garabed ufunguo.

“Nitunzie, ndugu yangu,” alisema. “Liandikishe kwa jina lako, wasije wakalichukua. Nikirudi utanirudishia.”

Garabed alimkumbatia akalia. Na machozi yale yalikuwa ya kweli, nisimsingizie marehemu. Yeye mwenyewe alifika nchi hii yatima kutoka Harput, katika nchi ya zamani ambako Waarmenia walifukuzwa makwao. Siku ya kufukuzwa kwao, mama yake alimwachia jirani ufunguo wa nyumba amtunzie, na jirani akahamia ndani kabla mkate haujapoa mezani. Hadithi hiyo Garabed aliisimulia kila Pasaka, na kila Pasaka ilimliza upya. Mihran, aliyekuwa mtoto wa miaka tisa wakati ule, aliona kwa macho yake baba yake akipokea ufunguo wa mtu mwingine na kuufunga kwenye leso.

Vita vikaisha. Kanjiro akarudi kutoka jangwani Arizona, amekonda, na akaja mlangoni kwao akiwa amevaa koti lake la heshima. Mihran alikuwa jikoni akasikia kila kitu.

“Gari gani?” Garabed alisema. “Lina jina langu. Nimelilipia kodi. Nimelivisha matairi wakati matairi hayaonekani hata kwa dawa. Mikononi mwako lingekuwa kutu tupu.”

Kanjiro hakubishana. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena, akaenda. Majira ya baridi yaliyofuata alirudi kuomba kazi ya kupogoa mizabibu, maana lile shamba alilokuwa amelikodi lilikuwa limekwisha kupewa wengine. Garabed alimpa kazi, na jioni mezani akajisifu kwamba yeye si mtu wa kumtupa jirani.

Ungedhani Pasaka iliyofuata mzee angenyamaza. Thubutu! Aliisimulia ile habari ya ufunguo wa mama yake mwanzo hadi mwisho, gari la Kanjiro likiwa ghalani hatua chache kutoka mezani. Mihran aliinamia sahani yake, na tangu siku hiyo kila hadithi ile ilipoanza alitoka nje kuchota maji.

Garabed alipozikwa, Mihran angeweza kulirudisha. Hapakuwa tena na mtu wa kumzuia. Kwanza alisema amalize matanga. Kisha akasema amalize mavuno. Kisha ikapita miaka, na jambo usilolisema mwaka wa kwanza linakuwa zito zaidi kulisema mwaka wa kumi. Kanjiro naye alifariki. Mihran alikwenda kwenye hekalu lao kuzika, akaliacha Packard nyumbani na kupanda pikapu iliyojaa matope, na njia nzima akajiona mwizi anayeficha alichoiba kwa mtu asiyeweza tena kukiona.

Katika watoto wa Kanjiro aliyebaki mjini ni mmoja, Chiyeko, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuolewa. Aliwafundisha nusu ya watu wa mji huu kusoma, na mpaka leo ukikutana naye dukani unajikuta unasimama wima. Kila mwaka mwezi wa saba aliwaletea kina Kalustian kasha la mapichi ya shambani kwake, amelifunika gazeti vizuri. Mihran hakuwahi kula hata moja. Zabel aliyapika jamu, na jamu nayo Mihran hakuigusa. Badala yake alikwenda kumtengenezea Chiyeko pampu ya maji. Alikwenda kumzibia paa. Alimpelekea zabibu kavu magunia ambayo mwanamke mmoja hawezi kuyamaliza mpaka kufa kwake.

“Yule mama atadhani unamposa,” Zabel alimwambia.

“Ni jirani.”

“Majirani tunao wengi, na mapaa yao yanavuja. Mihran jan, unamdanganya nani?”

Zabel alijua. Alijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na alikuwa amechoka kungoja.

Sasa sikia kosa alilolifanya wakati wa kulitengeneza gari, kosa ambalo lingefanywa tu na watu wa magari ya kale. Watu hawa wana dini yao, na amri kuu ya dini hiyo ni kwamba gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Skrubu moja ngeni, alama zinakatwa kwenye mashindano. Ile dashibodi ilikuwa bado na matundu mawili ya kichupa cha mke wa Kanjiro. Kichupa chenyewe Garabed alikuwa amekitupa mferejini zamani. Mihran aliyachomelea yale matundu, akayasugua, akayapiga rangi, akayasugua tena mpaka kidole kikipita hakiulizi kitu.

Zabel alimkuta kwenye kazi hiyo. “Hayo unaziba ya nini? Si ndipo palipokuwa pa kichupa cha maua?”

“Kiwandani halikutoka na matundu.”

“Kiwandani halikutoka na sisi pia,” Zabel alisema, akaiweka kahawa chini kwa kishindo.

Mihran alijiambia ni kwa ajili ya alama. Alijiambia hivyo mara nyingi sana, na mtu mwenye sababu nzuri hahitaji kujirudia vile. Ukweli ni kwamba kila alipokaa ndani ya gari lile matundu yale yalimtazama, na alitaka yaache.

Jumapili ya Kubariki Zabibu ikafika. Ibada ilikwisha vizuri, Padri Nerses akanyunyiza maji juu ya makapu, na kwa kuwa gari lilikuwa limefufuka, akalinyunyizia nalo. Watu wakapiga makofi. Uani moshi wa nyama ya kondoo ulikuwa umetanda, sufuria za ngano iliyopikwa kwa siagi zimefunuliwa, watoto wanagombea zabibu utadhani hawajawahi kuziona. Na mbele ya jukwaa dogo alisimama Waldo Friesen wa Reedley, mji wa jirani, mwenyekiti wa chama cha magari ya kale, kipaza sauti mkono huu, kombe mkono ule. Kombe lilikuwa la gari lililokaa katika familia moja muda mrefu kuliko yote wilayani.

“Haya, mzee Mihran!” Waldo alinguruma. Hakuhitaji kipaza sauti, lakini hakuna mtu aliyewahi kufanikiwa kumnyang'anya. “Njoo utuambie. Hili gari mmekuwa nalo tangu lini?”

Desturi ya watu wa magari ni hiyo: mwenye gari husimama kando yake akasimulia nasaba yake. Mihran alikuwa ameandaa jibu wiki nzima.

“Limekuwa kwetu tangu wakati wa vita,” alisema.

Kila neno lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilimchoma zaidi. Alipoinua macho akamwona Chiyeko. Alikuwa amekaa kivulini mstari wa mbele, kofia ya ukili kichwani, sahani magotini, anamsikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi anayesoma kwa sauti.

“Tangu vita!” Waldo alipaza sauti. “Familia moja! Mkono kwa mkono! Makofi tafadhali!”

Vijana walipiga makofi. Wazee hawakupiga. Wazee wetu walikuwa wanajua, wote, na ghafla kila mmoja akawa anaichambua ngano sahanini kana kwamba ina mawe. Mimi pia sahani yangu niliitazama sana siku ile.

Chiyeko aliweka chakula chini akasimama. Alitembea polepole mpaka garini, akafungua mlango wa abiria, akainama. Kidole chake hakikutafuta. Kilikwenda moja kwa moja pale palipokuwa na matundu, kikapapasa rangi.

“Kazi safi,” alisema. “Hapaonekani kabisa.”

Mihran alijifanya anafuta vumbi kwenye taa. Laiti ardhi ya ua wa kanisa ingekuwa na huruma, ingemmeza.

“Limependeza, Mihran,” Chiyeko aliendelea, akasimama wima. “Limependeza sana.”

Hapa lazima ujue tabia yetu. Kwetu mgeni akisifu kitu chako unamwambia, “Ni chako.” Akisifu shali, unaivua. Akisifu birika, unamwaga kahawa iliyomo na kumkabidhi. Yeye anakataa, wewe unasisitiza, yeye anakataa kwa kuapa, mnakunywa kahawa, na kila mtu anakwenda kwao na kitu chake. Sijasikia nyumba iliyopoteza birika kwa njia hiyo.

Mihran aliiona njia ile mbele yake na akaikimbilia. Angeweza kusema kweli mbele ya watu wote, ndani ya maneno ambayo hakuna mtu angeyatilia maanani. Angempa gari. Chiyeko, mwenye adabu kuliko watu wote wa mji huu, angekataa. Na kukataa kule Mihran angekwenda nako nyumbani akakuita msamaha.

“Unalipenda?” alisema, mikono wazi, sauti kubwa. “Ni lako, Bi Chiyeko! Naapa, ni lako. Lichukue!”

Watu walicheka kwa upole, kama tunavyochekaga.

“Asante,” Chiyeko alisema. “Nitalichukua.”

Waldo aliachia kicheko ndani ya kipaza sauti. Kilimfia alipoona kwamba anacheka peke yake.

“Ufunguo uko wapi?” Chiyeko aliuliza.

“Sasa hivi?” Mihran alisema.

“Umesema nilichukue.”

“Ndiyo, nimesema, lakini... Bi Chiyeko, klachi yake ngumu sana. Na breki lazima uzizoee...”

“Nilijifunzia kuendesha ndani yake nikiwa msichana. Klachi ilikuwa ngumu siku hizo pia.”

Ningependa kukuambia kwamba Mihran alifurahi. Hakufurahi. Kilichompanda kwanza ni hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya moto. Vidole vyake vyote vilikuwa vimechanika ndani ya gari lile. Alitaka kumwambia, na maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga ulimini: lina jina langu, nimelilipia kodi, nimelivisha matairi, mikononi mwako lingekuwa kutu tupu. Alifungua mdomo, ndipo akayatambua. Hayakuwa yake. Yalikuwa ya baba yake, yamekamilika, hayakupungua hata moja, yamekaa ndani yake miaka yote yakingoja kazi. Mihran aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Alifunga mdomo.

“Mihran,” Zabel alisema nyuma yake, na safari hii hakuweka jan, neno letu la mapenzi. “Mpe mwenzio ufunguo.”

Aliutoa mfukoni. Chiyeko alikinga kiganja, akangoja mpaka alipouachia.

“Miaka yote hii,” Mihran alisema kwa sauti ya chini. “Kwa nini hukuniambia? Ungeomba tu.”

“Baba aliomba mara moja, akajibiwa,” Chiyeko alisema. “Mara ya pili ilikuwa zamu yenu.”

Mihran aliitazama dashibodi.

“Alipokuwa anakuja kuwapogolea,” Chiyeko aliendelea, “alikuwa anapita ghalani makusudi. Akirudi nyumbani anatupa habari. Leo wameliosha. Leo tairi la nyuma limelala. Mama anauliza, kichupa changu bado kipo? Baba anamwambia kipo. Nilimwamini mpaka nilipoufungua mlango huu.”

“Kilitupwa,” Mihran alisema. “Siku ile ile baba yako aliyokuja. Kilitupwa mferejini.”

Ilikuwa kweli ya kwanza kumtoka kuhusu gari lile bila kuvikwa nguo. Chiyeko aliitikia kwa kichwa.

“Na yale mapichi?” Mihran aliuliza, maana alitaka kujua jambo moja la mwisho, hata kama lingemuumiza. “Kila mwaka. Ulikuwa unanikumbusha?”

“Mapichi ni mapichi, Mihran. Tulikuwa nayo mengi.”

Alizunguka upande wa dereva, akasogeza kiti mbele, akavua kofia na kuiweka pembeni yake. Gia zililalama mara moja, Mihran akajikunja kama kakanyagwa mguu, kisha gari likaondoka taratibu, likapita langoni na kushika barabara ya katikati ya mizabibu. Mwendo wake ulikuwa mzuri. Klachi aliikanyaga vizuri kuliko Mihran mwenyewe, na kila mwenye masikio alilisikia hilo.

Waldo Friesen alikuwa bado na kombe kwapani. Maskini, yeye ni mtu wa Reedley, hakujua lolote.

“Lakini kombe lenu, mzee!” alisema. “Anarudi saa ngapi?” Akamsogezea Mihran kipaza sauti mdomoni.

Angeweza kusema baadaye kidogo. Angeweza kusema amekwenda kuzunguka tu. Watu wangecheka, na jioni angekwenda kuongea naye faraghani kama majirani.

“Harudi nalo,” Mihran alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwenye majiko ya nyama. “Ni la kwao. Walituachia tuwatunzie walipopelekwa kambini. Wakarudi, tukawanyima. Baba alijua anachofanya. Na mimi nilijua.”

Padri Nerses alijikuna ndevu. Mzee mmoja wa meza yetu alisema taratibu kwamba mambo ya zamani hayana haja ya kipaza sauti, na hakuna aliyemuunga mkono wala aliyempinga. Mihran alisimama akingoja kujisikia mwepesi, kwa kuwa amesikia wanaosema kweli hujisikia wepesi. Alingoja vya kutosha. Kisha akamrudishia Waldo kipaza sauti chake.

Mihran na Zabel hawakuwa na usafiri. Wengi walijitolea kuwapeleka, lakini Zabel alisema watakwenda kwa miguu, akamshika mumewe mkono, wakatoka langoni jua la mwezi wa nane likiwa utosini. Walitembea polepole kandokando ya mizabibu. Na aibu yake kubwa kuliko zote, ambayo Zabel ndiye aliyenisimulia, ni kwamba njia nzima Mihran alikuwa ametega sikio barabarani, akisikiliza kama Chiyeko amegeuza gari kuja kumrudishia.